Yakitoka Kwangu Yanaenda kwa Nani?

Ndugu Mkuu wa Idara, wahadhiri wenzangu, wenyeviti na wajumbe wa serikali za mitaa mlioacha shughuli zenu asubuhi hii, na ninyi wanafunzi mnaoanza leo: nawasalimu nyote. Wazee wangu mliokaa mstari wa mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie masomo ya uzamili katika usanifu shirikishi, usanifu unaowajibika kwa jamii, pamoja na ile stadi tunayoiita fikra za mifumo. Maneno hayo yamo kwenye barua zenu za udahili. Nina hakika wengi wenu mmeulizwa nyumbani mnakwenda kusomea nini hasa, na jibu halikutoka vizuri. Na mimi niliulizwa na mama yangu. Nikamwambia nasomea kupanga vitu pamoja na watu watakaovitumia. Akanitazama kidogo, akasema: "Sasa hilo ni jipya? Ndiva ilijengwa na nani?"

Mimi ni mtoto wa Upare, wilaya ya Same. Wapo wenzangu hapa wasioijua ndiva, kwa hiyo niieleze. Ni bwawa dogo linalojengwa mteremkoni, chini ya kijito. Jioni tundu lake linazibwa, usiku kucha kijito kinalijaza, alfajiri linazibuliwa na maji yanashuka mferejini kwenda mashambani, kwa zamu. Yupo mtu wa kusimamia zamu hiyo. Zipo siku za msaragambo, watu wanapopanda na majembe na karai kuzoa tope na kuziba nyufa, na asiyepanda ana maelezo ya kutoa. Wa chini akikosa maji anajua apande hadi kwa nani kuuliza.

Hakuna aliyeniambia utotoni kwamba huo ni mfumo. Lakini tulijua, hata sisi watoto, kwamba mtu akikata miti juu ya chemchemi leo, ndiva haitakauka leo. Itajaa tope polepole, msimu baada ya msimu, na siku kijiji cha chini kitakapokosa mahindi aliyekata miti atakuwa ameshasahau. Vitabu vya fani yetu vina majina ya mambo hayo: akiba, mtiririko, mrejesho, ucheleweshaji. Mhandisi Jay Forrester alianza kuyaweka kwenye hesabu na kompyuta katika chuo cha MIT, Marekani, katika miaka ya 1950, na mtayasoma kwa kina muhula huu. Msomeni vizuri. Ila mtakapofika kwenye sura ya ucheleweshaji, ikumbukeni ndiva.

Nilipokuja Dar es Salaam kusoma shahada ya kwanza, nilifundishwa kuyatenganisha yale yote. Maji lilikuwa somo la Jumanne. Udongo ulifundishwa Alhamisi, jengo jingine, na mhadhiri mwingine. Watu walikuwa somo la hiari. Sisemi kwamba walimu wangu walikosea; mtu hawezi kujifunza kila kitu kwa mara moja, na hesabu za mtiririko wa maji ninazozijua nilizipata kwao. Nasema kwamba hakuna aliyetupa siku ya kuviunganisha tena, na nikahitimu nikidhani kwamba vimetengana kweli.

Kisha yakaja mafuriko ya Desemba 2011. Wenyeji wa bonde la mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam, mliopo hapa mnaikumbuka wiki ile kuliko mimi, kwa hiyo sitawasimulia. Makumi ya watu walikufa. Familia nyingi zikapelekwa Mabwepande, mbali na mji, na baadhi yao wakarudi bondeni kwa kuwa soko, kibarua na shule vilikuwa huku. Miaka miwili baadaye nilikuwa mwanafunzi wa uzamili kama ninyi, natafuta mada ya tasnifu. Nikachagua mtaa mmoja wa bonde lile, na nikachora mtaro.

Ulikuwa mtaro mzuri. Nilipima miinuko, nikapiga hesabu ya mvua kubwa, nikapata upana na kina, nikachagua mahali pa makalavati. Nikaomba nafasi katika ofisi ya serikali ya mtaa, nikabandika michoro ukutani, watu wakaja, wakatazama, wakanipongeza. Mwishoni akasimama mama mmoja anayeuza mihogo ya kukaanga pale kona ya juu. Akaniuliza: "Mwanangu, hayo maji yakitoka kwangu yanaenda kwa nani?"

Nikanyoosha kidole kwenye mchoro. Mtaro ulifika mpakani mwa mtaa na ukaishia pale, kwenye ukingo wa karatasi, kwa sababu ramani niliyopewa iliishia pale. Akasema: "Huko anakaa mdogo wangu."

Halafu akaendelea, na nilichokisikia baada ya hapo hakikuwa katika dodoso langu lolote. Kwamba kule juu, mvua ikianza, baadhi ya nyumba zinatapisha vyoo. Niwaeleze wageni: choo cha shimo kikijaa, na gari la kunyonya haliwezi kupita uchochoroni au bei yake haishikiki, mwenye nyumba anasubiri mvua kubwa, anatoboa shimo ubavuni, na maji ya mvua yanabeba kila kitu. Wanafanya usiku. Kila mtu anajua, hakuna anayesema mbele ya mgeni. Mtaro wangu uliosakafiwa vizuri, wenye mteremko mzuri, ungeyachukua hayo yote kwa kasi hadi mlangoni kwa mdogo wake.

Wanafunzi, elimu yangu ya fikra za mifumo ilianza siku ile. Ningependa mlijue swali lile kwa moyo kabla hamjajua nadharia yoyote: yakitoka kwangu yanaenda kwa nani?

Mtalikuta vitabuni kwa sura nyingine. Mwaka 1973 Horst Rittel na Melvin Webber, waliokuwa wakifundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliandika kwamba matatizo ya kupanga miji hayafanani na mafumbo ya hisabati. Hayana mahali pa kusema "tumemaliza," na kila suluhisho likishajengwa linaacha alama isiyofutika katika maisha ya watu. Mhandisi anaweza kurudia jaribio maabara. Mtaro ulioelekezwa kwa mdogo wake mama yule hauna jaribio la pili. Donella Meadows, mtafiti wa mifumo wa Marekani, naye alifundisha kwamba katika kila mfumo kuna mahali ambapo msukumo mdogo unaleta badiliko kubwa, na kwamba mara nyingi watu wanapajua mahali hapo lakini wanasukuma kuelekea upande usiofaa.

Hebu tuutazame mto wenyewe, maana ndio darasa letu kubwa katika mji huu. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita katikati ya mitaa ya watu wengi, unavuka Barabara ya Morogoro pale Jangwani, na unaingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Kwa miaka mingi kila mafuriko yalipotokea tulitafuta mkosaji mmoja. Mara ni wakazi wa mabondeni, mara ni takataka, mara ni mvua. Nyumba zikapigwa alama nyekundu ya X, zikabomolewa, na msimu uliofuata maji yakarudi palepale.

Ufuateni mchanga, si maji peke yake. Mji unakua, sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa wa Dar es Salaam. Watu hawa wanahitaji nyumba, na nyumba inahitaji viwanja na mchanga. Viwanja vinapatikana kwa kusafisha miteremko ya juu. Mteremko uliovuliwa miti unashushwa na mvua ya kwanza. Mchanga unasafiri vizuri sehemu zenye mteremko, lakini ukifika Jangwani bonde ni tambarare, maji yanapunguza mwendo, na mchanga unatua chini. Mto unapoteza kina. Sasa mvua ya kawaida inatosha kuufurisha. Mashine zinaletwa, zinachimba, mvua nyingine inajaza. Na juu kule vijana wanachimba mchanga mtoni kwa ajili ya matofali, kingo zinaporomoka, mchanga mwingi zaidi unashuka. Matofali yale yanajenga nyumba nyingine kwenye mteremko mwingine.

Umeona? Mzunguko unajilisha wenyewe. Kijana mwenye sepetu si adui wa mji, anatafuta chakula cha siku. Anayejenga nyumba yake kule Ukonga si adui. Mwenye nyumba Mchikichini ambaye maji yamefika dirishani si mjinga aliyekataa kuhama. Kila mmoja anafanya jambo lenye maana pale alipo, na jumla yake ni gharika. Ukishaliona hilo huwezi tena kusimama mkutanoni ukamnyooshea mtu mmoja kidole, na kwangu mimi hiyo ndiyo faida ya kwanza ya masomo haya, kabla hata hujachora chochote.

Mwaka 2018 ulifanyika mfululizo wa warsha za usanifu wa pamoja kuhusu bonde hili. Ofisi ya Rais TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, iliongoza, Benki ya Dunia na Uingereza wakasaidia, na mezani wakaketi wahandisi, maofisa wa manispaa, wataalamu wa mazingira na wakazi. Mpango uliotoka mwaka 2019 ulisema jambo ambalo miaka ya nyuma lingechekwa: kwamba sehemu ya chini ya bonde iachiwe maji, iwe bustani ya mji inayokubali kufurika, huku mto ukipanuliwa, daraja la Jangwani likiinuliwa, na mchanga ukidhibitiwa tangu juu. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa kazi hiyo. Mimi nauheshimu mpango ule. Uliuona mto mzima.

Lakini niseme na wasiwasi wangu, kwa kuwa ninyi ndio mtakaoendesha warsha zijazo. Warsha ya kutwa ina mlango mwembamba. Anaingia mwenye nyumba, kwa kuwa ana cha kulinda. Anaingia kiongozi, kwa kuwa amealikwa kwa barua. Mpangaji wa chumba kimoja anayekwenda Kariakoo kubeba mizigo haingii, kwa sababu siku ya warsha ni siku ya njaa kwake, na mwezi ujao huenda akahamia mtaa mwingine. Katika mitaa mingi ya bondeni wapangaji ni wengi mno, na mara nyingi mno nimeketi katika vikao vilivyoitwa shirikishi bila kumwona hata mmoja. Tukisema "jamii imeshirikishwa," tujiulize ni nani aliyekuwa kazini saa ile.

Wapo waliotutangulia katika njia hii, na baadhi yao ni majirani zetu. Wasomaji wa Ulaya watawaambia kwamba usanifu shirikishi ulizaliwa Norwei mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtaalamu wa kompyuta Kristen Nygaard alipofanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma. Kompyuta zilikuwa zinaingia viwandani, na wafanyakazi wakataka kuzielewa wao wenyewe ili waweze kujadiliana na waajiri kuhusu namna ya kuzitumia. Ni historia nzuri na yenye ujasiri. Kitu ninachokipenda humo ni kwamba wafanyakazi hawakuombwa maoni juu ya mashine iliyokwisha kuamuliwa. Walianza na elimu, na elimu ikawapa nguvu ya kukataa.

Lakini nendeni pia Hananasif, hapo Kinondoni. Katikati ya miaka ya 1990 wakazi wa pale waliingia mkataba kupitia jumuiya yao wenyewe, wakachimba na kujenga mitaro na njia kwa mikono yao, kwa ujira, wakisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine, pamoja na wataalamu wa chuo cha Ardhi. Mtaa uliokuwa ukiogelea ukakauka. Wanawake walilipwa kwa kazi ile sawasawa na wanaume waliokuwa nao mtaroni. Mpaka leo ni mfano ninaowapeleka wageni kuutazama.

Na baada ya hapo? Mtaa ukikauka, thamani ya nyumba inapanda, na kodi inapanda nayo. Asiyeweza kuilipa anatafuta chumba mahali palipo rahisi, na palipo rahisi ni mahali panapofurika. Sisemi Hananasif wasingejenga mitaro yao. Ningekuwepo ningebeba karai. Nasema kwamba hata kazi njema kabisa ina ukingo wa karatasi, na nje ya ukingo ule kuna mtu. Mpangaji naye ni maji yaliyotoka kwangu. Ameenda kwa nani?

Nchi hii inayo kumbukumbu kubwa zaidi ya mpango uliochorwa kutoka juu. Mwishoni mwa 1973 ilitangazwa kwamba kufikia 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya pamoja. Nia ilikuwa shule, zahanati na maji karibu na kila mtu, na vingi vilifika kweli. Lakini mamilioni walihamishwa kwa haraka. Nyumba zikapangwa kwa mistari kando ya barabara, na mashamba yakabaki mbali, wakati mwingine kwenye udongo ambao wenyeji wangekuambia katika dakika tano kwamba haufai. Hakuna aliyekuwa na hizo dakika tano. Babu yangu mzaa mama alihamishwa wakati ule, na mpaka anakufa alikuwa anatembea kwenda kulima shamba lake la zamani. Sikulelewa kumchukia mtu kwa ajili ya hilo. Nililelewa kujua umbali ule kwa miguu.

Sasa nirudi kwenu, maana mna miaka miwili tu, nayo inapita haraka kuliko mnavyodhani.

Jambo la kwanza mtakalopambana nalo ni lugha. Dodoso langu la mwanzo niliandika kwa Kiingereza, kisha nikalitafsiri kwa usiku mmoja. Kulikuwa na neno moja nililolitia Kiswahili kuwa "ustahimilivu." Nikamuuliza mzee mmoja, kaya yako ina ustahimilivu wa kiwango gani? Akanijibu: "Kustahimili tumestahimili sana, binti. Unataka tuendelee?" Niliona haya, na haya ile ilikuwa mwalimu. Nilimuuliza mama mwingine maji yalifika sentimita ngapi. Akasema yalifika kiunoni. Nikaandika makadirio yangu. Akaniuliza: "Umeandika kiuno cha nani? Changu au cha mwanangu?" Tangu siku ile tukawa tunapima mafuriko kwa mwili: kifundo cha mguu, goti, kiuno, kifua, na kwa kila kipimo tunaandika ni mwili wa mtu wa umri gani. Ramani yetu ilipata ukweli ambao rula isingeupata.

Fikirini na kuandika kwa Kiswahili mnapokuwa uwanjani. Lugha ya watu imebeba ujuzi wao, na "kutapisha" ni neno ambalo lisingetokea kamwe katika dodoso lililotafsiriwa.

Jambo jingine ni kundi. Mmeletwa hapa mchanganyiko: yupo mhandisi, yupo muuguzi, yupo msanifu majengo, yupo ofisa maendeleo ya jamii, na nimeambiwa mwaka huu yupo mhasibu. Nisikilizeni kuhusu mhasibu. Katika kundi letu alikuwepo mmoja, na tulimwona kama mtu aliyepotea njia. Sisi tulihangaika miezi kutafuta kwa nini mitaro ya zamani imeziba. Tukapima taka, tukapima mchanga. Yeye akaenda kuomba vitabu vya mapato na matumizi, akarudi na sentensi moja: fedha ya kujenga mtaro ilikuwepo kwenye mradi, fedha ya kuuzibua haikuwa na fungu lake mahali popote. Mtaro ulizaliwa yatima. Mahali pale pa kusukuma alipopasema Meadows palikuwa kwenye daftari la hesabu, wala si kwenye udongo.

Ubishi utakuwepo, nao ni mgumu kuliko mtihani. Muuguzi atasema choo kwanza, mhandisi atasema barabara kwanza, na wote wawili watakuwa na takwimu. Msikimbilie kupiga kura. Kaeni na tofauti hiyo mpaka muone kila mmoja ameshika sehemu gani ya mto.

Kisha kuna kanuni za chuo zenyewe. Mwisho wa safari mtatia saini kwamba tasnifu ni kazi yako mwenyewe. Ni kanuni ya haki, inalinda uaminifu, na naiheshimu. Lakini inabana pale ambapo wazo lililoigeuza kazi yako limetoka kwa muuza mihogo. Ombi langu kwa Idara, na nalisema mbele ya Mkuu wa Idara kwa heshima zote, ni kwamba kila tasnifu ya programu hii iwe na sura inayoeleza swali lilivyobadilika, nani alilibadilisha, na kwa maneno gani. Mwenye kutaka jina lake litajwe, litajwe. Asiyetaka, afichwe. Lakini mahali pale swali lilipogeuka pasifutwe, msomaji akadhani mwanafunzi alizaliwa nalo.

Na mlipe muda wa watu. Tumezoea kumpa mtu soda na nauli, naye anakupa saa tatu za maisha yake na siri za nyumba yake. Kibarua analipwa kwa kubeba tofali. Aliyebeba ujuzi wa mtaa wa miaka 30 naye alipwe. Wafadhili wanaelewa wakielezwa mapema. Nimeshaandika bajeti nne zenye fungu hilo, na halikukatwa hata mara moja.

Kuhusu ramani nitasema machache, kwa kuwa mtafundishwa na wanaozijua kuliko mimi. Mwaka 2015 ulipoanza mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaani pamoja na wenyeji, wakachora mitaro, vichochoro na maeneo yanayofurika, na ramani zile zikawekwa wazi kwa yeyote kuzitumia. Nilitembea nao siku chache. Nilichokiona ni kijana wa mtaa akimsahihisha mwanafunzi wa chuo, na mwanafunzi akifuta na kuandika upya palepale. Ninawatakia wote mfutwe namna ile, mapema na mara nyingi.

Wapo watakaouliza, na ni swali la haki: je, haya yanatupatia ajira? Yanawapatia. Halmashauri, mamlaka za maji, mashirika na kampuni za ushauri wanahitaji watu wanaoweza kukaa kati ya mhandisi na mtaa bila kumsaliti yeyote. Lakini mkiingia huko mtaambiwa muda hakuna, ripoti inatakiwa Ijumaa. Wakati huo ndio mtajua kama mlisoma au mlipita.

Nimalizie habari ya mtaro wangu, maana niliuacha njiani.

Sikuujenga. Baada ya siku ile pale ofisini swali la tasnifu likawa jingine kabisa: nani anazibua, kwa fedha ya nani, na vyoo vya juu vinamwagwa lini. Tukafanya kazi na nyumba za juu, kwa mazungumzo marefu ya jioni ambayo mjumbe aliyaongoza kuliko mimi. Tukapata vyoo kadhaa vikainuliwa na kujengewa, tukapata utaratibu wa kuvinyonya kwa pampu ya mkono na mkokoteni kwa bei ambayo watu walikubaliana. Ilikuwa kazi ndogo. Katika tasnifu niliutaja mtaa wa chini kwa aya mbili. Kwenye ramani sikuuchora, kwa kuwa ulikuwa nje ya eneo la utafiti, na msimamizi wangu alisema sawa, na mimi nikaona sawa.

Mwaka 2014 nilichapisha muhtasari wa kurasa kumi na mbili kwa Kiswahili pamoja na ramani ile, nikaupeleka ofisi ya mtaa. Aprili 2018 mvua ilinyesha siku nyingi mfululizo na maji yakaingia ofisini. Nilikwenda baada ya wiki. Mwenyekiti alikuwa anaanika mafaili juani, moja moja, juu ya bati. Kurasa zangu zilikuwa zimekuwa uji. Nikamwambia nitaleta nyingine.

Mama wa mihogo alikuwepo, anafagia tope. Tukasalimiana, tukapeana pole. Akaniuliza kama katika hiyo nyingine nitakayoleta, kwa mdogo wake patakuwepo.

Ilinichukua hadi Juni. Nilishuka nikatembea mtaa wa chini, na wa chini yake, nikiwa na wenyeji wa kila mtaa, mpaka ukingoni mwa mto. Ramani ikawa ndefu, karatasi mbili zimeunganishwa kwa gundi. Nikaipeleka. Mwenyekiti akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akapanda juu ya kiti, akaitundika kwenye msumari, shibiri mbili juu ya mstari wa tope ambao maji yaliuacha ukutani. Bado ipo pale. Ofisi inafunguliwa saa mbili asubuhi, na mwenyekiti, aliyeketi hapa mbele, amesema mtakaokwenda kuisoma mwende na kalamu.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.